Kufufua modeli ya zamani ya gari la plastiki: mwongozo kamili

Makosa yanayoua modeli za zamani za magari ni yale yale. Nguzo ya kioo cha mbele inakatika wakati wa kung'oa vioo. Rangi mpya inakunjamana siku moja baada ya kupigwa. Vioo vilivyokuwa safi vinaingia ukungu saa chache baada ya kubandikwa. Yote matatu yana chanzo kimoja: hatua imerukwa, au imeanza kabla ile iliyotangulia haijakauka.

Mwongozo huu ni wa seti za plastiki aina ya polistirini za kipimo cha 1/24 na 1/25, za kampuni kama AMT, MPC, Jo-Han, Revell na Monogram, ambazo ziliungwa miaka mingi iliyopita kwa gundi ya tyubu na kupakwa rangi kwa brashi nene. Kama seti yako haijaungwa, bado iko kwenye fremu zake, osha vipande vyote kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo ili kuondoa mafuta ya kiwandani, kisha anzia hatua ya 4.

Tenga wiki tatu hadi nne. Sehemu kubwa ya muda huo ni kusubiri vitu vikauke, na kusubiri huko ni kazi kama kazi nyingine.

## Vifaa: viwe mezani kabla hujagusa gari

Kwa kufungua maungio na kuvua rangi:

- friza ya nyumbani na mifuko ya plastiki inayofungwa vizuri
- mafuta ya breki ya DOT 3 au DOT 4, lita 1, au dawa ya kuondoa grisi yenye sodiamu haidroksaidi
- spiriti ya isopropili ya asilimia 91 au zaidi, nusu lita
- jiki, nusu lita
- chombo cha plastiki chenye mfuniko, kinachomeza bodi nzima
- mswaki wa zamani, vijiti vya meno, glovu za naitraili, miwani ya kinga

Kwa ukarabati wa bodi:

- kisu cha ufundi chenye wembe namba 11, na nyembe za akiba zisizopungua 10
- msasa wa maji namba 320, 400, 600, 1000, 1500 na 2000
- puti ya kuchanganya, yaani ile yenye kikaushio chake
- supaglu, na gundi maji ya polistirini
- shiti za polistirini za mm 0.25, 0.5 na 1
- drili ya mkono yenye vichwa vya mm 0.5 hadi 1, na waya wa shaba wa mm 0.5

Kwa rangi na umaliziaji:

- praima ya kijivu, rangi, na klia (tabaka angavu la juu), vyote vya familia moja, yaani vyote laka, vyote enameli au vyote akriliki (sababu iko hatua ya 6)
- seti ya vitambaa vya kusugulia namba 3200 hadi 12000
- foili nyembamba yenye gundi kama Bare-Metal Foil
- gundi nyeupe ya mbao
- barakoa yenye kichujio cha mvuke wa kemikali. Ya kitambaa haizuii mvuke wa thina

Usinunue asetoni, wala usikubali kuazimwa. Asetoni inayeyusha polistirini, na thina kali ya laka huifuata kwa karibu.

## Hakikisha kwanza plastiki yako ni ipi

Magari ya matangazo ya miaka ya 1950, yale yaliyokuja yakiwa tayari yameungwa na kutolewa na wauzaji wa magari, mengi yalitengenezwa kwa aseteti. Aseteti hujikunja yenyewe kadiri miaka inavyokwenda. Ukiona paa limebonyea katikati na ncha za mbele na nyuma zimeinuka kama mtumbwi, huenda ndiyo uliyonayo. Usiiingize kwenye kemikali za hapa chini. Gundi yake ni tofauti na kunyoosha kwake ni kazi nyingine kabisa.

## Hatua ya 1: Piga picha, kagua, hesabu

Piga picha gari lote kabla ya kufungua chochote: pande nne, juu, chini, ndani ya injini. Picha ya chini ya chasisi ndiyo itakayokuokoa baadaye, maana hapo ndipo vipande vidogo vinafanana.

Andika vilivyopotea. Mara nyingi ni bampa, vioo vya pembeni, taa za nyuma na vifuniko vya rimu. Angalia kama kampuni imewahi kutoa tena seti hiyo kutoka kwenye moldi ile ile. Ikiwa ndivyo, seti ya toleo jipya ndiyo njia rahisi zaidi ya kupata vipande. Kama haijawahi, tafuta kopi za rezini zinazotengenezwa na mafundi wadogo. Vumbi la rezini lina madhara kwa mapafu, kwa hiyo isugue rezini ikiwa imelowa.

Pindua gari utazame chini. Seti nyingi za AMT zilizotolewa kila mwaka kuiga magari mapya ya mwaka huo zilishikisha chasisi kwa skrubu, kama magari ya matangazo. Watu wanalazimisha chasisi itoke kwa bisibisi bapa pembeni wakati skrubu mbili zilikuwa zinawasubiri pale chini.

## Hatua ya 2: Kugandisha na kufungua maungio

Gundi ya tyubu ya zamani ikiwa baridi inakuwa dhaifu na kukatika kama kigae. Plastiki inabaki na nguvu kidogo zaidi yake. Tofauti hiyo ndiyo unayoitumia.

1. Funga gari ndani ya mfuko, toa hewa, weka kwenye friza usiku kucha. Saa mbili hazitoshi kwa maungio mazito kama ya injini na chasisi.
2. Litoe na ufanye kazi haraka. Una dakika tano hivi kabla halijapata joto.
3. Anza na vipande vya nje: bampa, grili, taa. Ingiza ncha ya wembe kwenye ungio, izungushe taratibu. Sikiliza. Ungio linalofunguka linatoa mlio mfupi mkavu, "tik". Plastiki inayopasuka hutanguliwa na mstari mweupe.
4. Ukiona weupe, acha hapo hapo. Rudisha gari kwenye friza.
5. Vioo viwe vya mwisho. Vinashikilia paa, na nguzo za mbele za modeli za 1/25 ni nyembamba kuliko kijiti cha kiberiti. Sukuma kioo kutoka nje kuelekea ndani kwa kidole gumba, kidogo kidogo, kuzunguka ukingo wote. Usivute.

Baadhi ya maungio hayatafunguka. Kama aliyeunga alitumia gundi maji, plastiki mbili zimeyeyuka zikawa moja, na friza haina la kufanya. Hapo tumia msumeno mwembamba wa wembe, au liache ungio kama lilivyo na ulipake rangi likiwa limeungwa. Vipande viwili vya injini vilivyoshikana sawasawa havina sababu ya kutenganishwa.

Utajuaje umefaulu: bodi iko peke yake, nguzo zote nne nzima, na kila kipande kidogo kimo kwenye mfuko wenye jina lake.

## Hatua ya 3: Kuvua rangi na kromu

Anza na dawa laini kabla ya kali. Jaribu kila dawa upande wa ndani wa sakafu kwa saa moja. Ukihisi plastiki imekuwa ya kunata, dawa hiyo si ya gari hilo.

Spiriti ya isopropili huvua rangi nyingi za akriliki kwa saa chache. Usizamishe vioo humo: plastiki angavu iliyo na mkazo inaweza kupata nyufa ndogo ndogo za ndani.

Kwa enameli na laka za zamani, tumia mafuta ya breki. Yawe DOT 3 au DOT 4. DOT 5 ni ya silikoni na haivui rangi, ndiyo maana baadhi ya watu husubiri wiki nzima bila kuona kitu. Zamisha bodi, funika, kagua kila baada ya saa 12. Rangi ikianza kujikunja kama ngozi ya maziwa, isugue kwa mswaki ukiwa umevaa glovu. Siku mbili au tatu zinatosha kwa kawaida. Usiisahau humo kwa wiki kadhaa. Plastiki nyingine hurudi ikiwa kavu na yenye kuvunjika.

Dawa ya grisi yenye sodiamu haidroksaidi ni mbadala mzuri na hunawishika kwa maji. Lakini inaunguza ngozi na macho. Miwani si hiari hapa.

Kromu iliyochakaa huondoka kwa jiki isiyochanganywa, mara nyingi ndani ya nusu saa. Ile kromu ni tabaka jembamba sana la alumini, na jiki inaila. Chini yake kunabaki vanishi yenye rangi ya njano. Hiyo huondolewa na spiriti au ile dawa ya grisi, baada ya kusuuza jiki yote kwa maji mengi. Kamwe usichanganye jiki na kitu chenye amonia au asidi. Gesi yake ni sumu.

Vua kromu tu kama una mpango wa kuirudisha. Bampa yenye kromu ya kiwandani iliyofifia kidogo inapendeza kuliko bampa iliyopakwa rangi ya fedha.

Osha kila kitu kwa sabuni ya vyombo mara mbili, kausha siku nzima. Mabaki ya mafuta ya breki kwenye mistari ya milango ndiyo yanayokuja kuinua rangi mpya.

## Hatua ya 4: Kunyoosha na kukarabati bodi

Hapa ndipo gari linapookolewa au kupotea. Tumia muda mrefu hapa kuliko mahali pengine popote.

Kunyoosha. Polistirini hulegea inapokaribia nyuzi 100 za Selsiasi, kwa hiyo maji yanayochemka yataiharibu. Tumia maji ya nyuzi 60 hadi 70. Zamisha sehemu iliyopinda kwa sekunde 30, ipinde kwa vidole kupita kidogo pale unapotaka, ishike hivyo, kisha iweke kwenye maji baridi. Rudia mara tatu au nne badala ya kulazimisha mara moja.

Nguzo zilizokatika. Gundi peke yake haitoshi kwa ungio lenye upana wa mm 2. Toboa kila ncha tundu la mm 0.6, kina cha mm 3 hivi, ingiza kipande cha waya wa shaba wa mm 0.5, kisha unga kwa supaglu. Wakati gundi inakauka, weka kioo cha mbele mahali pake bila gundi ili kishike umbo la paa. Paa likikauka likiwa limeinama hata milimita moja, kioo hakitaingia tena, na utalazimika kukata upya.

Alama za vidole na madimbwi ya gundi. Gundi ya tyubu iliyeyusha plastiki, kwa hiyo kile kinachoonekana kama uchafu ni bodi yenyewe iliyobadilika umbo. Usikwangue kwa nguvu. Sugua na msasa namba 320 uliozungushwa kwenye kipande cha mbao hadi vilima viondoke, kisha tazama mabonde yaliyobaki.

Mabonde madogo jaza kwa puti ya kuchanganya. Puti ya tyubu moja, ile inayokauka kwa thina yake kupotea hewani, hunywea kwa siku nyingi. Leo imelingana, baada ya wiki mbili chini ya rangi unaona kovu. Kama huna nyingine, paka matabaka membamba na uache saa 24 kila moja.

Mabonde makubwa na matundu yaliyotobolewa kwa ajili ya antena au mapambo yasijazwe kwa puti. Kata kizibo cha polistirini, kiunge kwa gundi maji, acha siku mbili, kisha sugua. Plastiki kwa plastiki haitanywea tofauti.

Supaglu hujaza mikwaruzo myembamba vizuri sana, lakini isugue ndani ya saa moja tangu ikauke. Ikikaa usiku inakuwa ngumu kuliko polistirini. Msasa unakula plastiki ya pembeni na kuacha supaglu imesimama kama kilima.

Mistari ya moldi. Wanaofufua magari ya watu wengine huisahau kwa sababu wamekwisha choshwa na gundi. Pitisha ukucha juu ya fenda za mbele, kwenye nguzo za nyuma za paa, na kwenye kona za buti. Utahisi ukingo mdogo pale moldi mbili zilipokutana. Uondoe kwa kukwangua na mgongo wa wembe, kisha msasa namba 400 na 600. Usipouondoa, rangi inayong'aa itauonyesha kwa kila atakayelitazama gari kutoka pembeni.

Utajuaje umefaulu: shika bodi chini ya taa moja, iinamishe polepole. Mwanga unapaswa kuteleza juu ya mlango bila kuruka wala kuyumba. Macho yako yakikudanganya, vidole havitakudanganya: funga macho na upapase.

## Hatua ya 5: Kuchonga upya mistari ya milango

Rangi ya zamani, puti na msasa vyote hujaza mistari ya milango, boneti na buti. Rangi mpya itaimaliza kabisa. Kwa hiyo ichonge kabla ya praima.

Tumia mgongo wa wembe namba 11. Vuta kwako mara nane au kumi bila kukandamiza, ukifuata mfereji uliopo. Mara mbili za kwanza ndizo zinazoamua; wembe ukitoka nje ya mfereji kwa haraka yako, jaza mkwaruzo kwa supaglu na uanze tena.

## Hatua ya 6: Praima na rangi

Kanuni ya kuandika ukutani: usipige laka juu ya enameli. Thina ya laka inaingia kwenye enameli, inaivimbisha, na rangi inakunjamana kama ngozi ya kiganja kilichokaa majini. Enameli juu ya laka iliyokauka ni salama. Klia ya akriliki ya maji haina shida juu ya yoyote, mradi iliyo chini imekauka. Kwa anayeanza, chagua familia moja kuanzia praima hadi klia na usitoke humo.

Onyo la pili ni kuhusu seti zilizotengenezwa kwa plastiki nyekundu. Rangi ya plastiki yenyewe inapenya na kupanda juu. Ukipiga nyeupe juu yake, baada ya siku chache gari linakuwa la waridi. Piga kwanza tabaka la rangi ya fedha juu ya praima, liache likauke kabisa, kisha rangi yako.

Utaratibu:

1. Futa bodi kwa spiriti kidogo kwenye kitambaa kisichoacha nyuzi. Kuanzia hapa usiiguse kwa vidole vitupu.
2. Weka kopo la spreyi kwenye maji ya uvuguvugu (si ya moto) kwa dakika tano. Shinikizo linaongezeka na matone yanakuwa madogo.
3. Piga tabaka la kwanza la praima kama umande, kutoka umbali wa sm 20 hadi 30. Plastiki bado ionekane chini yake. Subiri dakika 10, piga la pili. Anza kunyunyizia kabla ya kufika kwenye gari na uachie baada ya kulipita.
4. Acha saa 24. Praima ya kijivu ni shahidi asiyeficha: kila mkwaruzo na kovu la puti litaonekana. Rekebisha, sugua kwa namba 600 ya maji, piga praima tena. Kurudia mara mbili au tatu ni kawaida.
5. Rangi: matabaka mawili ya umande, kisha mawili au matatu yaliyolowa kiasi cha kung'aa. Kama badala ya kopo unatumia bomba la kunyunyizia rangi kwa hewa (airbrush), shinikizo la bar 1 hadi 1.4 linatosha.
6. Funika kwa kasha safi mara moja. Vumbi hutua katika dakika chache za kwanza.

Kama rangi inatoka kama ganda la chungwa, unapiga ukiwa mbali mno au chumba kina joto kali, na matone yanakauka kabla hayajafika. Kama inatiririka, uko karibu mno au mkono unasimama. Mtiririko usiuguse ukiwa mbichi. Acha ukauke wiki moja, usugue kwa namba 1000, na upige tena.

Enameli iko tayari unapoinusa karibu kabisa na pua na husikii harufu. Hiyo inaweza kuchukua wiki mbili. Harufu ikiwepo, thina bado inatoka, na chochote utakachoweka juu yake kitadhurika.

### Maandishi ya kromu kwenye fenda

Herufi ndogo za jina la gari huwezi kuzipaka kwa brashi zikapendeza. Njia ni hii: baada ya praima, kabla ya rangi, kata kipande cha foili kinachozidi maandishi kidogo, kikandamize kwa kijiti cha meno hadi kila herufi ijitokeze, na ukate ziada karibu nao. Piga rangi gari lote, pamoja na juu ya foili. Rangi ikikauka, chukua kitambaa namba 6000 kilichozungushwa kwenye ncha ya kijiti, usugue sehemu za juu tu za herufi. Rangi itaondoka hapo na chuma kitaonekana, huku katikati ya herufi kukibaki na rangi ya gari. Kisha piga klia. Ukisugua hadi foili ikapasuka, umezidisha. Fanya mazoezi kwenye bodi mbovu kwanza.

## Hatua ya 7: Kung'arisha

Subiri klia ikauke kama ulivyosubiri rangi. Anza na kitambaa namba 3200 pale tu penye ganda la chungwa au vumbi, kisha 3600, 4000, 6000, 8000 na 12000, ukilowesha kwa maji yenye tone la sabuni. Kila namba isugue upande mmoja, inayofuata ikatishe.

Kaa mbali na kingo za fenda na mikunjo ya boneti. Rangi huwa nyembamba pale, na sekunde tatu za kusugua zinatosha kufika kwenye praima. Maliza kwa polishi ya magari isiyo na mchanga mkali, kwa kitambaa cha pamba.

## Hatua ya 8: Foili na kromu

Foili iliyokaa miaka mingi kwenye droo inakuwa kavu na kupasuka. Ijaribu kwanza kwenye kijiko. Kata kipande kipana kidogo kuliko ukanda unaoufunika, kilaze bila kukivuta, kikandamize kwa pamba ya masikio na kisha ncha ya kijiti cha meno hadi ukingo wa ukanda uchomoze. Kata kwa wembe mpya kabisa, kwa uzito wa kisu chenyewe. Wembe butu haukati foili, unaiburuta. Badilisha wembe kila upande wa gari.

Anza na mikanda iliyonyooka ya pembeni. Mzunguko wa kioo cha mbele ufanye mkono ukishazoea, na uufanye kwa vipande vinne vinavyokutana kwenye kona.

Kwa bampa ulizovua kromu, piga nyeusi inayong'aa kama kioo, iache ikauke kabisa, kisha piga kromu ya laka kama ya Alclad kwa shinikizo dogo, tabaka moja moja jembamba. Mng'ao wote unatoka kwenye ile nyeusi. Nyeusi ikiwa na vumbi, kromu itakuwa na vumbi. Kalamu za wino wa kromu, kama za Molotow, zinafaa kwa taa na vioo vya pembeni, ila usizipige klia juu: zinageuka kijivu.

## Hatua ya 9: Vioo

Mikwaruzo huondolewa kwa mfuatano: namba 1000, 1500, 2000, kisha vitambaa vya 3200 hadi 12000. Kioo kitaonekana kimeharibika kabisa katikati ya kazi. Endelea, uwazi unarudi kuanzia namba 6000. Kikishakuwa angavu, kichovye kwenye polishi ya sakafu ya akriliki, kiegemeze ukingo wake kwenye karatasi ya tishu, kifunike hadi kesho yake.

Madoa ya gundi yaliyoingia ndani ya plastiki hayatoki. Kata kioo kipya kutoka kwenye shiti angavu ya mm 0.25, ukitumia cha zamani kama kipimo. Vioo vilivyopinda pande mbili kwa wakati mmoja haviigiki kwa shiti bapa. Hivyo tafuta kwenye seti nyingine.

Bandika kwa gundi nyeupe ya mbao pekee. Mvuke wa supaglu ndio unaoacha ule ukungu mweupe, na unaweza kutokea saa kadhaa baada ya kufunga gari.

## Hatua ya 10: Matairi, injini na chasisi

Matairi laini ya zamani yana kilainishi ambacho hutoka polepole na kuyeyusha polistirini inayoyagusa. Ndiyo maana unakuta rimu zilizolika kama zimeumwa. Jaza sehemu iliyolika kwa puti, paka rangi, kisha zungushia rimu tepu nyeupe ya mafundi bomba kabla ya kuvika tairi. Haionekani, na inazuia tatizo kurudi.

Kwenye seti nyingi za AMT za zamani, ekseli ya mbele ni waya wa chuma unaopita katikati ya bloku ya injini. Ukitaka injini ionekane ya kweli, kata waya pande zote mbili za bloku, ziba matundu, na unga vipande vya ekseli kwenye fremu ya chasisi. Fanya hivyo baada ya kupima urefu wa gari kutoka chini, siyo kabla.

Ukiongeza nyaya za plagi, zifuate kipimo. Waya halisi wa mm 8 ukigawanywa kwa 25 unakuwa mm 0.32, kwa hiyo waya wa mm 0.3 ndio sahihi; wa mm 0.5 utafanana na bomba la maji. Mpangilio wa kuwaka, yaani zamu ya kila silinda kuwaka, wa V8 ndogo ya Chevrolet ni 1-8-4-3-6-5-7-2, na wa Ford 289 ni 1-5-4-2-6-3-7-8.

## Hatua ya 11: Dekali na kuunga

Dekali (alama za kubandika kwa maji) zilizogeuka njano zitie kwenye mfuko angavu uliofungwa na uzibandike kwenye dirisha linalopata jua kwa wiki moja au mbili. Kabla ya kuzilowesha zote, jaribu moja usiyoihitaji. Ikivunjika majini, piga zilizobaki klia ya laka nyembamba, acha zikauke, kisha kata kila moja kando kando, maana klia imeziunganisha zote kuwa karatasi moja.

Unga kwa mpangilio huu: injini ndani ya chasisi, vioo ndani ya bodi, sehemu ya ndani ya gari (viti na dashibodi), bodi juu ya chasisi, magurudumu, na mwisho bampa na taa. Kila ungio likwanguliwe rangi kwanza. Gundi ya polistirini inayeyusha plastiki. Juu ya rangi au kromu inashika rangi tu, na kipande kitadondoka nayo. Jaribu kila kipande bila gundi, hata kile kilichoingia vizuri hatua ya 4, kwa sababu rangi imeongeza unene.

Kabla gundi ya ekseli haijakauka, simamisha gari juu ya kioo bapa. Pitisha kipande cha karatasi chini ya kila tairi. Karatasi ikipita bila kukwama, tairi hilo linaning'inia: sogeza ekseli, weka uzito mdogo juu ya paa, na uliache hapo hapo juu ya kioo hadi kesho.